Kiti cha Kupewa

Somo la juma: Hesabu 27:1–11, Hesabu 36, na Yoshua 17:3–6

Juma hili naanza kwa kujishtaki mwenyewe, maana nikisubiri nishtakiwe nitachelewa.

Mwezi wa saba, alizeti zimeshavunwa na upepo wetu wa Singida umeanza kung'oa mabati ya watu, tulimzika mzee mmoja wa usharika. Siku hiyo ratiba niliishika mimi, kwa kuwa mshereheshaji alikuwa amekauka sauti. Nikawatambulisha wageni kwa kufuata itifaki: mwakilishi wa mkuu wa wilaya, diwani, mtendaji wa kata, na yule mfanyabiashara wa mashudu aliyetoa maturubai. Kila mmoja akapewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi, na kila mmoja akasema kwamba hatasema mengi, kisha akasema mengi. Mwisho wa karatasi nikakuta jina la mama mmoja, mbunge wa Viti Maalum. Nikatazama saa. Nikasema, "Na mbunge wetu wa kupewa naye yupo, basi apunge mkono tumwone." Watu wakacheka. Mama yule hakuwa meza kuu, alikuwa amekaa mkekani na akina mama wa kwaya, kanga imefungwa kiunoni. Akapunga mkono. Nikaendelea na ratiba.

Jioni, magari yote yameshaondoka, nilimkuta bado yupo, amekaa na mjane nyuma ya jiko. Nikadhani anamfariji. Nikasogea nimsaidie kwa mstari mmoja wa Zaburi, ndipo nikamsikia anauliza: "Kikao cha ukoo mmeshakaa? Muhtasari kaandika nani? Msimamizi wa mirathi wamempendekeza nani?"

Mjane akajibu kwa sauti ya chini kwamba amependekezwa shemeji mkubwa, na kwamba yeye aliambiwa aweke dole gumba chini ya karatasi.

"Umeweka?"

"Bado, mama. Wino ulikuwa umekwisha."

Nilikuwa nimehubiri dakika 40 juu ya makao ya mbinguni. Lile shamba la ekari sita lililoanzia hatua chache nyuma ya kaburi halikuwa limenipita akilini hata kidogo.

Nimerudi kwenye kitabu cha Hesabu kwa sababu ya jioni ile. Mabinti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walifiwa na baba yao jangwani, naye hakuacha mtoto wa kiume. Nchi ilikuwa inakaribia kugawanywa, na ugawaji ulifuata majina ya wanaume waliohesabiwa. Ukoo usio na mwanamume haukuwa na mtu wa kusimama kwenye mstari. Mabinti hawa wakaenda mpaka mlangoni pa hema la kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na kusanyiko zima, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike, kwa vile tu yeye hakuzaa mwana.

Tazameni Musa alifanya nini. Mtu aliyeshuka mlimani na mbao za sheria mikononi hakuwa na jibu. Sheria aliyoileta yeye mwenyewe ilikuwa na shimo, na miaka yote ile hakuwa ameliona. Angelionaje? Wenye wana hawakuwa na sababu ya kutazama upande huo. Musa akalipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Hapo hapo sheria ikabadilika, tena kwa kila mtu atakayekufa bila mwana katika Israeli yote, hata watu ambao mabinti wale wasingekutana nao kamwe.

Hao ndio watunga sheria wanawake wa kwanza ninaowafahamu. Hakuna jimbo lililowapigia kura.

Nikaanza kujiuliza lile neno "kupewa" nimelitoa wapi, na kwa nini lilinitoka kwa wepesi namna ile. Sikulibuni mimi. Linasemwa kwenye vibanda vya chipsi, kwenye mabasi ya kwenda Dodoma, na mezani kwa watu waliosoma. Mbunge wa jimbo ameshinda, wa Viti Maalum amepewa. Hata Katiba yetu inaweka tofauti hiyo, kwani Waziri Mkuu lazima atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni. Fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, huenda kwenye majimbo kama jina lake linavyosema, na mama wa Viti Maalum anabaki na pochi yake. Lakini hesabuni eneo lake. Mbunge wa jimbo ana kata zake. Yeye anaambiwa mkoa mzima ni wake, kuanzia Itigi kwenye vichaka mpaka Shelui chini ya mlima Sekenke, kuanzia Manyoni relini mpaka kwa Wahadzabe kule Mkalama. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili katika mkoa huu. Kila harambee anaalikwa, na kila kikundi cha vikoba kinamtazama mkono.

Historia nayo ina jambo la kutuchekesha kidogo. Wanawake wa kwanza kuingia kwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, walikuwa Sophia Mustafa, Lady Marion Chesham na Barbro Johansson. Uchaguzi ule wa mkoloni ulikuwa na viti vilivyotengwa kwa rangi, na kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa maneno mengine, hata hao waliingilia mlango uliotengwa. Barbro Johansson sisi Walutheri tunapaswa kumkumbuka zaidi ya tunavyomkumbuka. Alikuwa mmisionari kutoka Sweden, mwalimu wa wasichana kule Kashasha, Bukoba, na baadaye mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Alitoka kwenye ubao na chaki akaenda kwenye miswada ya sheria, na sijasoma mahali popote kwamba aliona amehama wito. Lucy Lameck, muuguzi kutoka Moshi, aliingia Barazani mwaka 1960. Bibi Titi Mohammed, ambaye bila miguu yake na sauti yake TANU isingewapata akina mama wa Dar es Salaam, alishika kiti cha Rufiji na kukipoteza katika uchaguzi wa 1965. Mwanamke aliyeijenga TANU kwa jasho lake alishindwa kwa kura miaka minne tu baada ya uhuru. Tukumbuke hilo kabla hatujasema kwamba sanduku la kura peke yake lingetosha.

Mwaka 1985 vikatengwa viti 15 vya wanawake. Vikaongezeka polepole, vikawa 75 mwaka 2005, kisha 102 mwaka 2010, na 113 mwaka 2015, na Katiba ikasema wanawake wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Huku kwetu vimekaliwa na akina mama wa kila namna. Diana Chilolo alikuwa mmoja wao, mama wa kuinuka kila mara na swali la Singida. Martha Mlata aliingia mwaka 2005, naye ni mwimbaji wa nyimbo za Injili, kwa hiyo wengine mmemwimbia "amina" bila kujua mnamwitikia mbunge. Baadaye akachaguliwa Mwenyekiti wa CCM wa Mkoa. Upande wa CHADEMA, mwaka 2010 waliingia Christowaja Mtinda na Christina Lissu Mughwai, ambaye kaka yake Tundu Lissu alikuwa ameshinda Singida Mashariki mwaka huo huo, kaka wa jimbo na dada wa Viti Maalum ndani ya ukumbi mmoja. Aysharose Mattembe akaja mwaka 2015.

Na majimbo je? Mwaka 2010 Iramba Mashariki ilimchagua mama, Salome Mwambu. Aliomba kura kama wanaume walivyoomba, akazipata. Uchaguzi uliofuata, 2015, majimbo yetu yote manane yakachagua wanaume. Mwaka 2020, yote manane tena. Huu ndio mkoa ambao wazee wake wanamsimulia Liti, mama wa Kinyaturu aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wetu wa mpira ulioitwa Namfua leo unaitwa kwa jina lake. Uwanja tumempa. Hilo nalo ni la kupewa, ila hatulichekei.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo niliponaswa. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri. Kila Jumapili nasimama madhabahuni nikisema kwamba wokovu hatukuufanyia kazi, hatukuushinda, tumepewa bure. Neema maana yake ni kupewa. Kanisa letu zima lilizaliwa kwa ugomvi juu ya neno hilo moja. Kisha nashuka madhabahuni, nashika ratiba ya msiba, na neno lile lile nalifanya tusi.

Si hilo tu. Usharika huu sikuuomba kura. Hakuna hata mmoja wenu aliyeulizwa kama ananitaka. Barua ilitoka Dayosisi, nikafungasha godoro na vitabu, nikapanda basi. Kabila la Lawi halikupewa jimbo katika nchi ya Kanaani. Waliambiwa Bwana ndiye fungu lao, wakatawanywa katika makabila yote wawahudumie wote. Basi kama kuna mtu mwenye kiti maalum katika kijiji hiki, ni mimi, na nilianza kukikalia miaka mingi kabla ya mama yule.

Sisemi kiti cha kupewa hakina hatari. Kina hatari kubwa. Orodha ya majina inatoka kwenye chama. Kwa CCM, wajumbe wa mkoa wa UWT, jumuiya yake ya wanawake, ndio wanaopiga kura za kupanga nani awe juu, nao ni watu wachache wanaoenea ukumbi mmoja, na watu wanaoenea ukumbi mmoja wanaweza kulishwa chakula kimoja. Rushwa ya chaguzi hizo vyama vyenyewe vimeikemea mara nyingi, na hakuna anayekemea kitu kisichokuwepo. Tena anayekupa kiti anajua njia ya kukichukua. Wapo waliokaa miaka mitano wakitazama juu tu kwa aliyewapa, wasitazame chini hata siku moja, wakarudi nyumbani na shingo inauma. Na wachungaji tuliopangiwa tunaijua sana hiyo shingo. Kuna mahubiri ambayo sikuyahubiri kwa sababu mkuu wa jimbo la kanisa alikuwa anakuja.

Lakini turudi kwa mabinti wa Selofehadi, maana habari yao haikuishia sura ya 27. Wengi tunaishia hapo, tunapiga makofi. Fungueni sura ya 36. Wakuu wa ukoo wakarudi kwa Musa na hoja nzito: hawa mabinti wakiolewa na makabila mengine, ardhi yetu itahama. Wakasikilizwa nao. Ikaongezwa kanuni kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki ikabaki, ila ikawekewa uzio. Anayefuatilia habari za Bunge atatabasamu hapa. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, jambo ambalo wabunge wanawake walilipigania. Mwaka uliofuata ikarudishwa, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Wafanyabiashara walikosa, wasichana wakalipa.

Kisha nendeni Yoshua 17. Musa ameshakufa. Mto umeshavukwa. Vita vimepiganwa. Ardhi inagawanywa, na mabinti wale wanalazimika kuja mara ya pili, mbele ya Eleazari na Yoshua, kuwakumbusha kwamba Bwana alikwisha kuagiza. Sheria ilikuwepo tangu jangwani. Haikujitembeza yenyewe mpaka shambani.

Hili ndilo lililo mlangoni mwetu. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kifungu chake cha 20 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu. Imeandikwa wazi hivyo. Lakini kando yake zipo taratibu za mirathi ya kimila zilizochapishwa na Serikali mwaka 1963, zinazosema mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili kutoka Shinyanga, jirani zetu kabisa, walizipeleka taratibu hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya kwenye nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikawapa haki, wajane wakiwa wameshahangaika zaidi ya miaka kumi. Wanaposema mwanamke afuate utaratibu, nawaza urefu wa safari hiyo.

Ndani ya sheria ile ile ya 1999 kuna jambo dogo ambalo mimi sikulijua mpaka mama yule wa Viti Maalum aliponieleza, tumesimama pale jikoni na moshi unatuingia machoni. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Nikamwuliza, "Kumbe hata kijijini kuna viti maalum?" Akasema, "Vipo, Baba Mchungaji. Shida ni kwamba wakishakaa, wanaambiwa wapunge mkono."

Alisema bila kunitazama usoni. Sikujua kama ananisema mimi au anasema tu. Nimeamua alinisema mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikilikagua kanisa letu kwa jicho hilo. KKKT ilikubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na bado katika kikao cha wazee wa usharika juzi nimehesabu wanaume tisa na mama mmoja, naye ndiye aliyepika chai, kwa hiyo nusu ya kikao hakuwepo. Sadaka za mazao msimu huu, magunia mengi ya alizeti na vitunguu yameletwa na akina mama vichwani. Mashamba yaliyotoa magunia hayo yana majina ya nani, sijawahi kuuliza. Mwaka wa 14 huu nahudumu hapa. Nimebariki mbegu, nimebariki mavuno, nimezika wenye mashamba, na sijawahi kumwuliza mjane hata mmoja swali la mama yule. Na jibu lisingekuwa gumu: ukoo ukae upya, mjane awepo, muhtasari usomwe kwa sauti, msimamizi wa mirathi athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, majirani waoneshe mipaka, halmashauri ya kijiji iandike hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la mjane. Hakuna hatua hapo inayohitaji shahada.

Kikao cha ukoo kilikaa upya majuma mawili yaliyopita. Shemeji mkubwa, ambaye si mtu mbaya, ni mtu aliyezoea, alisema kwamba hakuna aliyekusudia kumfukuza mama, walitaka tu shamba "lisipotee." Mzee mmoja wa ukoo akamwuliza limewahi kupotea lini, wakati mama huyu amelilima miaka 31. Kukawa kimya. Mambo hayajaisha. Mpaka wa upande wa mto una mgogoro wake, na kijana mmoja wa ukoo ameshaanza kufyatua matofali pale kana kwamba ni pake.

Juzi jioni mjane alikuja nyumbani kwangu na kuku wa kienyeji chini ya kwapa. Nilimkatalia kuku, akaniambia si wangu, anampeleka mnadani. Alikuja kunipa taarifa. Baraza la Ardhi la Kijiji linakaa Alhamisi saa tatu asubuhi, chini ya mkwaju nyuma ya ofisi ya mtendaji, na angependa niwepo. Nikamwambia nitakuja, na nitaandaa neno fupi la kufungulia.

"Neno lipo, Baba Mchungaji, tutaomba," akasema. "Wewe njoo na kitambulisho cha taifa. Utasaini kama shahidi wa mpaka."

Nimekitafuta usiku mzima. Kilikuwa ndani ya Biblia ya zamani, katikati ya Mambo ya Walawi na Hesabu.